Jua Likitulia, Anga la Ikweta Halilali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matabaka ya Ionosfia

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa fizikia, wapenzi wa redio ya mawimbi mafupi, na wapimaji ardhi ambao GPS yao imewatatiza. Mengi yanazunguka fumbo moja: mbona hata mwaka ambao jua halina doa, anga la juu la nchi za ikweta linaendelea kuchafuka? Penye mambo mengi nimejibu kwa kirefu, na pasipo na mengi nimepita haraka.

Matabaka ya ionosfia ni yapi, na nani aliyapa herufi D, E na F?

Kuanzia kimo cha kilomita 60 hivi kwenda juu, hewa ni nyepesi mno, na mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani urujuanimno mkali na eksirei, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli. Eneo hilo ndilo ionosfia, na elektroni hizo zilizo huru ndizo zinazopinda mawimbi ya redio na kuyarudisha ardhini. Tabaka D liko kati ya kilomita 60 na 90. E linaanzia hapo hadi 150 hivi, na elektroni zake zimesongamana zaidi karibu na kilomita 110. Juu yake ni F. Mchana F hugawanyika mara mbili: F1 karibu na kilomita 180, na F2 kati ya 250 na 400, pengine zaidi. Usiku D hutoweka, E hubaki kivuli tu, na F1 na F2 huungana kuwa tabaka moja.

Herufi zilitoka kwa Mwingereza Edward Appleton. Desemba 1924 yeye na Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth usiku, vipindi vikiwa vimekwisha, wakapokea mawimbi wakiwa Oxford na kupima kimo cha tabaka lililoyarudisha. Appleton alikuwa na mazoea ya kuandika uga wa umeme wa wimbi linalorudi kwa herufi E. Alipopata tabaka jingine juu yake akaliita F, na herufi za mwanzo akaziacha kwa ajili ya yatakayogunduliwa chini. Ndiyo maana hatuna tabaka A wala B. Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hii.

Mimi huwaeleza wanafunzi hivi: D hula mawimbi, E humtii jua, F2 ana mabwana wengi. Karibu kila swali linalofuata ni la mabwana wa F2.

"Jua tulivu" maana yake nini hasa?

Neno hili lina maana mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya miaka. Madoa ya jua, yaani sehemu nyeusi zinazoonekana usoni mwake, huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na ule wakati wa chini kabisa ndio tunaouita jua tulivu. Mwaka 2008 jua lilikaa zaidi ya siku 260 bila doa hata moja. Kikomo cha chini cha mzunguko ule kilikuwa Desemba 2008, na kilichofuata kilikuwa Desemba 2019. Wataalamu hawategemei madoa peke yake. Hupima pia nguvu ya mawimbi ya redio ya sentimita 10.7 yanayotoka kwenye jua lenyewe, kazi inayofanywa nchini Kanada tangu 1947. Jua likitulia kipimo hicho hushuka hadi 65 au 70, na likichachamaa hupita 200.

Maana ya pili ni ya siku. Hata katika mwaka wa jua kali kuna siku ambazo hakuna dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia unaoletwa na jua, nazo huitwa siku tulivu. Kwenye ukurasa huu nazungumzia hasa ile ya kwanza, nikichukulia kwamba hata siku yenyewe haina dhoruba.

Wanasayansi wa dunia nzima waliwahi kukubaliana kuitazama hali hiyo kwa pamoja mwaka 1964 na 1965, chini ya mpango wa Miaka ya Kimataifa ya Jua Tulivu. Wazo lao lilikuwa zuri sana: makelele ya jua yakinyamaza, utasikia dunia yenyewe inasema nini.

Ikweta inapita Kenya na Uganda. Mbona mnasema hatuko chini ya ikweta ya ionosfia?

Kwa sababu ionosfia haijui ikweta ya ramani. Inajua ikweta ya sumaku, mahali ambapo mistari ya uga wa sumaku wa dunia imelala sambamba na ardhi. Ukiwa na sindano ya dira inayoweza kuinama juu na chini, pale italala sambamba na ardhi, bila kuinamisha kichwa wala mkia. Barani Afrika mstari huo unapita kaskazini mwetu: unakatiza Nigeria na kuingia Ethiopia karibu na nyuzi 9 kaskazini, jirani na Addis Ababa. Ng'ambo ya Atlantiki unateremka kusini hadi Peru.

Kwa hiyo Nairobi iko nyuzi 10 hivi kusini mwa mstari huo, Malindi nyuzi 12, Zanzibar 15, na Dar es Salaam karibu 16. Jua liko utosini kwetu kama kitabu kisemavyo, lakini mistari ya sumaku tayari imeinama. Mtu akichukua grafu ya Peru au ya Addis Ababa akaitumia Mombasa akidhani kote ni "ikweta", atapotea. Nimeona kosa hilo mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi, na si kosa lao. Vitabu vingi haviwaambii.

Chemchemi ya ikweta ni nini?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, kwa hiyo twende polepole.

Kwa mantiki ya kawaida, mahali jua linapopiga utosini ndipo elektroni zingekuwa nyingi kuliko kote. Vipimo vilikataa. Mwaka 1946 Appleton alionyesha kwamba F2 juu ya ikweta ya sumaku ina upungufu, na wingi umejipanga pande mbili, kaskazini na kusini. Ni kama mtu amechota katikati ya sinia la wali na kuurundika kandokando.

Anayechota ni umeme na sumaku kwa ushirika. Joto la jua mchana huzalisha upepo katika kimo cha tabaka E. Upepo huo husukuma gesi yenye chaji kukatiza mistari ya sumaku, na kama ilivyo ndani ya dainamo, umeme huzaliwa. Mchana uga wa umeme huo huelekea mashariki. Uga wa sumaku pale umelala kuelekea kaskazini. Vitu hivi viwili vikikutana kwa pembe mraba, chaji haziendi mashariki wala kaskazini: huinuliwa juu. Kasi yake ni ya kawaida tu, mita 20 hivi kwa sekunde, lakini saa nzima ya mwendo huo ni kilomita 72.

Zikishapanda mamia ya kilomita, chaji hukamatwa na uzito wake na msukumo wa gesi. Haziwezi kuanguka moja kwa moja kwa kuwa haziruhusiwi kukatiza mistari ya sumaku, basi huteleza kando ya mistari hiyo, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi yanayorushwa juu na kumwagikia pembeni. Huko zinakotua ndiko kunakokuwa na vilele viwili vya wingi. Ndiyo sababu grafu ya F2 ya ikweta ya sumaku hupanda asubuhi, ikabonyea karibu na saa sita mchana, kisha ikapanda tena alasiri. Jua liko utosini, na tabaka linapungua! Sijui jambo jingine katika fizikia ya anga linalomshangaza mwanafunzi kwa haki kama hili.

Jua likitulia chemchemi hukauka?

Haikauki, ila inafupika. Katika miaka ya jua kali vilele hukaa karibu nyuzi 15 kila upande wa ikweta ya sumaku. Jua likitulia vinasogea ndani, kuelekea nyuzi 10, na vinakuwa hafifu. Yaani kilele cha kusini, ambacho miaka mingine kingekuwa juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, kinarudi kuelekea Nairobi na kaskazini mwake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ule mwinuko wa mchana, zile mita 20 kwa sekunde, hautofautiani sana kati ya miaka ya jua kali na miaka ya jua tulivu. Kinachopungua ni kile kinachoinuliwa, kwa sababu mionzi inatengeneza elektroni chache zaidi, na hewa yenyewe ya juu imepoa na kushuka. Tofauti kubwa ya mwendo iko jioni. Jua linapozama, kabla uga wa umeme haujageuka kuelekea magharibi, huwa unafurukuta mara ya mwisho na kulirusha tabaka F juu kwa ghafla. Miaka ya jua kali kasi hiyo hufika mita 50 kwa sekunde au zaidi. Miaka ya jua tulivu mrusho huo huwa mdogo, na jioni nyingi hauonekani kabisa. Basi vilele vyetu, ambavyo vingepata nguvu mpya baada ya magharibi, vinafifia mapema.

Tabaka E nalo hufanya ukaidi huo?

La. E ni mwaminifu. Kuna kanuni ya makadirio inayotumia vitu viwili tu: hesabu ya madoa na pembe ya jua. Jua likiwa utosini na madoa yakiwa sifuri, masafa ya ukomo ya E hutoka megahezi 3.3. Madoa yakiwa 150 hutoka megahezi 4.0. Masafa ya ukomo ni yale ya juu kabisa ambayo tabaka linaweza kuyarudisha yakitumwa wima. Yakizidi hapo, hupenya na kwenda zake.

Tofauti ya megahezi 0.7 inaonekana ndogo, lakini msongamano wa elektroni hufuata mraba wa masafa, kwa hiyo jua kali huipa E karibu nusu nzima zaidi ya elektroni. F1 nayo ina adabu: 4.3 jua likiwa halina doa, na 5.8 madoa yakiwa 150. Isitoshe, F1 hujitenga na F2 na kuonekana wazi zaidi katika miaka ya jua tulivu. Mwenye mashine ya kupima ionosfia atakwambia kwamba picha za miaka hiyo ni safi, zenye ngazi zinazosomeka vizuri.

Hata hivyo, juu ya ikweta ya sumaku E hubeba mkondo mkali wa umeme katika ukanda mwembamba, nyuzi 3 hivi kila upande, kwenye kimo cha kilomita 105. Kituo cha Huancayo nchini Peru kilianza kupima mwaka 1922, kikakuta sumaku inapanda sana mchana kuliko ilivyotarajiwa. Mkondo huo ndio uliokuwa sababu. Sisi wa Kenya na Tanzania tuko nje ya ukanda huo, ila Ethiopia iko ndani yake.

Ni kweli mkondo huo hugeuka?

Ndiyo, na aliyeandika habari hiyo alikuwa Addis Ababa. Pierre Gouin, Mjesuiti aliyesimamia kituo cha sumaku pale, alionyesha mwaka 1962 kwamba siku nyingine alasiri mkondo unageuza mwelekeo, kutoka mashariki kwenda magharibi, wakati hakuna dhoruba yoyote. Hali hiyo hutokea zaidi katika miaka ya jua tulivu. Mkondo ukigeuka, mwinuko nao hugeuka: chemchemi inazimwa saa zile zile ambazo ingekuwa inamwaga elektroni kwetu. Aliye Nairobi ataona F2 yake imekuwa duni jioni, na chanzo kiko zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini.

Tabaka D linabadilikaje?

Kidogo. Mchana kazi yake ni kunyonya mawimbi, hasa ya masafa ya chini, na ndiyo sababu stesheni za mbali za mawimbi ya kati husikika usiku tu. Linatengenezwa zaidi na mstari mmoja wa mwanga wa hidrojeni, nanomita 121.6, unaong'oa elektroni kwenye oksidi ya nitrojeni. Jua likitulia unyonyaji hupungua kiasi, na faida kubwa ni kwamba milipuko ya jua inayokata mawasiliano ya mchana kwa ghafla huwa adimu. Miale ya anga za mbali huongezeka wakati jua limetulia na kuliongezea D elektroni sehemu nyingine za dunia, lakini karibu na ikweta uga wa sumaku huzuia nyingi kati ya hizo.

Nilisoma kwamba mwaka 2008 ionosfia ilisinyaa. Ni kweli?

Ni kweli. Setilaiti ya C/NOFS ilirushwa Aprili 2008 mahususi kwa kuchunguza ionosfia ya ikweta, ikakutana na jua lililolala kuliko ilivyotarajiwa. Ilikuta mpaka kati ya ionosfia na anga la nje uko kilomita 420 usiku, na mchana haupandi sana zaidi ya kilomita 800. Makadirio ya kawaida yalikuwa 640 usiku na 960 mchana.

Sababu yake ni baridi. Hewa ya juu hupashwa na urujuanimno wa jua. Mionzi ikipungua, hewa hupoa, na hewa iliyopoa hujikunja na kushuka, ikiburuta ionosfia nzima. Kimo cha F2 nacho hushuka. Huko chini kuna molekuli nyingi zaidi za nitrojeni na oksijeni, ambazo huharakisha kuungana tena kwa elektroni na ioni, yaani atomi na molekuli zilizong'olewa elektroni. Kwa hiyo jua tulivu huiumiza F2 mara mbili: linatoa elektroni chache, kisha linazishusha mahali zinapokufa haraka.

Kupima hewa hiyo isiyo na chaji ni kazi ambayo pwani yetu iliwahi kushiriki. Kutoka kwenye majukwaa ya Waitalia yaliyosimamishwa baharini karibu na Malindi, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967 kupima msongamano wa hewa ya juu ukanda wa ikweta. Wengi wanakumbuka Uhuru, iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, kwa kuwa ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za nyota. Zile za San Marco husahaulika, na zilikuwa zikipima kitu kilicho juu ya vichwa vyetu hasa.

Jua limetulia, dhoruba hakuna. Mbona siku mbili mfululizo hazifanani?

Kwa sababu bwana mwingine wa F2 anakaa chini yake: hali ya hewa ya kawaida, hii ya mvua na mawingu. Jambo hili lilichelewa kukubalika, na jua tulivu ndilo lililolifanya lionekane.

Bahari ina kujaa na kupwa, na hewa pia inajaa na kupwa. Mawingu makubwa ya mvua juu ya bonde la Kongo, Amazoni na visiwa vya Indonesia hutoa joto jingi mvuke unapogeuka kuwa maji, kila siku kwa saa zinazojirudia. Joto hilo huzaa mawimbi ya hewa yanayopanda na kukua kadiri hewa inavyopungua uzito, hadi kufika kwenye tabaka E, palepale dainamo yetu ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 picha za setilaiti ya IMAGE zilionyesha vilele vya ikweta haviko sawasawa kuizunguka dunia: vina vitovu vinne vyenye nguvu, na kimojawapo kiko juu ya Afrika. Alama ya mvua za tropiki imechorwa kwenye ionosfia, mamia ya kilomita juu ya wingu la mwisho.

Mfano wenye nguvu zaidi ni wa Januari 2009. Hewa ya stratosfia, tabaka la hewa lililo chini kabisa ya ionosfia, juu ya Ncha ya Kaskazini ilipata joto kwa ghafla, tukio kubwa sana la aina yake, jua likiwa kimya kabisa. Siku chache baadaye, kwenye kituo cha Jicamarca nje ya Lima, karibu na ikweta ya sumaku, mwinuko wa chaji ulipanda sana asubuhi na kugeuka kushuka alasiri, siku baada ya siku. Joto la ncha ya dunia liliusogeza mchana wa ikweta. Kama jua lingekuwa kali, alama ile ingefunikwa na makelele yake.

Usiku wa jua tulivu hauna ile F iliyotawanyika?

Iko, ila imehama saa yake. Henry Booker na Harry Wells waliieleza mwaka 1938 kwa vipimo vya Huancayo: badala ya tabaka kurudisha mwangwi mmoja safi, mwangwi unatapakaa. Sababu ni mapovu. Baada ya jua kuzama, sehemu ya chini ya F huliwa haraka, juu inabaki nzito, na kitu kizito kikikaa juu ya chepesi hupinduka, kama maji yaliyomwagwa juu ya mafuta. Sehemu chepesi hupanda zikiwa mapovu marefu yanayofuata mistari ya sumaku hadi kufika kwetu.

Mapovu hayo hupenda ule mrusho wa jioni. Kwa hiyo miaka ya jua kali, hasa Machi na Septemba, yanakuja mapema usiku na kwa ukali. Miaka ya jua tulivu jioni huwa shwari, lakini Juni na Julai, wakati kusi imeshika pwani, hutokea mapovu baada ya saa sita usiku. Yametazamwa sana ukanda wa Afrika. Asili yake bado inajadiliwa: wengine huelekeza kidole kwenye upepo wa usiku, wengine kwenye mawimbi ya hewa kutoka chini.

Nini hiki kinachoitwa F3?

Asubuhi chemchemi ikiwa na nguvu, kilele cha F2 hunyanyuliwa juu sana, na chini yake jua linatengeneza kilele kipya. Cha zamani, kilichobebwa juu, ndicho F3. Ni cha latitudo za chini, hukaa saa chache, na huonekana zaidi jua likiwa tulivu. Nacho ni hoja nyingine dhidi ya wanaodhani miaka ya utulivu haina la kutazama.

Natumia redio ya mawimbi mafupi. Nichague masafa gani miaka hiyo?

Anza na saa. Mbaya kuliko zote ni ya alfajiri, saa kumi na kumi na moja, kabla ya jua kuchomoza. F2 imekuwa ikipoteza elektroni usiku kucha, na masafa yake ya ukomo yanaweza kushuka hadi megahezi 2 au 3. Ukitaka kuzungumza na mtu aliye kilomita 100 kwa megahezi 7 wakati huo, wimbi litapenya na kwenda zake, na nyote mtakaa ndani ya ukanda bubu. Teremka hadi megahezi 3 na kitu. Mara jua likitoka, tabaka hupanda kwa kasi ya ajabu. Ndani ya saa mbili megahezi 7 inafanya kazi tena.

Mchana wetu si mbaya. Ingawa watu wa Ulaya hulalamika kwamba masafa ya juu yamekufa, sisi tuna jua utosini na kilele cha kusini karibu. F2 ya mchana hufika megahezi 8 au 9 hata jua likiwa limetulia. Kwa njia ya mlazo ya kilomita 3,000 unaweza kuzidisha kama mara tatu, kwa hiyo megahezi 18 na 21 hubaki hai mara nyingi. Megahezi 28 usiitegemee kwa ukawaida.

Jioni panga kwa uangalifu. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilisikika mbali kwa miaka mingi kwenye kilohezi 11735 saa za usiku, na wasikilizaji wa ng'ambo waliijua kwa taarabu yake. Masafa kama hayo jioni hutegemea sana F2 imebaki na nguvu kiasi gani baada ya magharibi. Na usisahau radi: miezi ya mvua, makelele yake kwenye masafa ya chini ndiyo yanayokushinda, hata tabaka likiwa zuri.

Na GPS?

Wimbi la GPS hupenya ionosfia, ila linacheleweshwa. Kipimo chake huhesabu elektroni zote kwenye nguzo yenye kitako cha mita moja mraba. Kizio kimoja cha hesabu hiyo, yaani elektroni trilioni 10,000, huongeza kosa la sentimita 16 kwenye masafa makuu ya GPS. Mchana wa jua tulivu kwetu huwa vizio 20 hadi 40 mara nyingi, sawa na mita 3 hadi 6. Jua likichachamaa hupita 100, na kosa kupita mita 16. Kipokezi cha masafa mawili huliondoa karibu lote. Cha masafa mamoja hutegemea kielelezo kinachotumwa na setilaiti, na hicho huondoa nusu hivi tu.

Mpimaji wa ardhi mwenye kifaa cha masafa mamoja na afanye kazi yake asubuhi mapema. Alasiri, kati ya saa saba na saa kumi, elektroni zimejaa na mteremko wa kilele ni mkali: vituo viwili vilivyoachana kilomita 50 havioni ionosfia ile ile.

Naweza kuchunguza mwenyewe bila mtambo wa gharama?

Unaweza. Chukua redio yenye namba za masafa, tafuta stesheni moja ya mbali yenye ratiba thabiti, na uandike nguvu yake kila dakika kumi kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Andika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, usije ukachanganya na saa ya Kiswahili. Fanya hivyo wiki nzima mwezi Machi, kisha wiki nzima mwezi Juni, bila kugusa antena. Utaona dakika ambayo F2 inaamka, na utaona kwamba Juni haiamki kama Machi. Kisha tafuta takwimu za kituo cha GPS cha Malindi, ambazo ziko wazi kwa umma, na uweke karatasi zako mbili kando ya tarehe zile zile.